Sauti ya mtangazaji ni ya kweli, ziwa siyo lenyewe

SWALI: Shikamoo mhariri. Nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Juzi kati kwenye grupu letu la WhatsApp iliingia klipu ya redio, mtangazaji anasema kabisa serikali inafunga ziwa miezi mitatu samaki wazaliane. Basi watu wakaanza kugombania magunia, bei ikapaa, na mimi nikachukua mzigo kwa mkopo, nikawaforwadia na wenzangu wa Sengerema. Ziwa halijafungwa mpaka leo na dagaa wapo stoo. Mme wangu anasema redio na mitandao yote yaleyale tu. Ni kweli? Na mimi niliyeforwadi naweza kushtakiwa? – Mama Dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba dada, na pole sana na huo mzigo.

Kwa unavyoieleza hiyo klipu inafanana kabisa na taarifa za mwaka 2024, pale serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Huko Kigoma ilikuwa habari ya kweli, siyo huku kwetu Ziwa Victoria. Sasa angalia kilichotokea, redioni ile taarifa ilisomwa siku fulani, kwenye stesheni yenye jina na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), na kabla haijasomwa kuna mhariri ambaye kazi yake ni kuuliza nani kasema, lini, ziwa lipi. Halafu mtu anakuja kukata sekunde chache, "Tanganyika" inabaki nje, tarehe inabaki nje, kinachofika Kirumba ni sauti tu, na sauti ya mtangazaji watu wanaiamini. Hapo mumeo simuungi mkono hata kidogo. Redio ikikosea unajua mlango wa kugonga na wanaweza kusahihisha hewani kwa wasikilizaji walewale. Klipu ya WhatsApp haina mwenyewe, na hata mtu akisahihisha kwenye grupu lenu, wale wa Sengerema hawaoni, mpaka wewe uwapelekee.

Lakini siwezi kuisema vibaya mitandao yote, hasa sisi wa huku ziwani. Meli ya MV Bukoba ilipozama 21 Mei 1996 ndugu walikuwa wanasubiri redio au wanaenda kusimama bandarini, njia nyingine zilikuwa chache. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka pale kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018, picha za simu zilikuwa zinazunguka nchi nzima wakati uokoaji bado unaendelea. Kisiwani huko hakuna chumba cha habari, ila wenye simu wapo, na hilo ni jambo kubwa, redio peke yake isingeliweza.

Kitu kimoja cha kutazama kwenye simu yako: ujumbe uliozunguka sana WhatsApp inauwekea mishale miwili juu yake, maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu 2020 ujumbe wa hivyo unaruhusiwa kupeleka kwa mtu au grupu moja tu kwa mara moja. Ukiiona hiyo mishale kwenye habari ya pesa yako usitoe hata shilingi kwanza. Kufunga ziwa halafu wenye mialo wasijue? Haiwezekani, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwaloni wako lazima atakuwa anajua, muulize, au sikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kuhusu kushtakiwa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamlenga anayesambaza huku akijua ni uongo na ana nia ya kupotosha. Wewe hukujua. Ila sasa hivi unajua, kwa hiyo wapigie wale wa Sengerema leo hii hii, usiwaandikie, wapigie, mana inawezekana nao wana magunia stoo wanasubiri ziwa lifungwe.

Grupu usitoke, bei za asubuhi utazipata wapi? Mwombe tu admini kila klipu ya redio inayoletwa aliyeileta aandike imetoka stesheni gani na lini, akishindwa ifutwe.