Kabla ya algorithimu, ijue kelele ya risiva yako

Wewe uliyepewa mada ya redio tambuzi (cognitive radio), yaani redio inayojitafutia masafa yaliyo wazi, na msimamizi akakuelekeza kwenye kusikiliza masafa, najua unakotaka kukimbilia. Umeshasoma kwamba wazo hili lililetwa na Joseph Mitola na Gerald Maguire mwaka 1999, kwamba masafa mengi yana wenyewe lakini wenyewe hawayatumii saa zote, na kwamba redio yako inatakiwa isikilize kwanza: ikikuta pako wazi iingie, mwenyewe akirudi itoke. Yote sawa. Sasa unataka algorithimu. Subiri kidogo, unijibu hili: ukichomoa antena, risiva yako inasoma nini?

Kazi nzima imesimama hapo. Njia nyepesi kuliko zote, ya kupima nishati, hujumlisha nguvu ya kilichoingia na kuilinganisha na kizingiti. Ikizidi, mwenye leseni yupo, isipozidi, hayupo. Na kizingiti hicho hukokotolewa kutokana na kelele, yaani nguvu ambayo risiva inaisoma hata pasipokuwa na ishara yoyote. Kwa joto la kawaida la chumba, kelele ya asili ni kama -174 dBm kwa kila hezi moja (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, nguvu inazidi kuwa ndogo). Kwenye chaneli ya televisheni ya Marekani, yenye upana wa megahezi 6, inakuwa kama -106 dBm. Risiva ikiongeza desibeli 7 za kwake, umefika -99. Halafu tazama matakwa ya kikundi kilichoandaa IEEE 802.22, kiwango cha mitandao isiyo na waya inayotumia chaneli tupu za televisheni: yanataka uitambue televisheni ya dijitali hata ikiwa -116 dBm, mara 9 katika kila 10, ndani ya sekunde 2. Hapo kelele ni kama mara 50 ya unachokitafuta. Chaneli za kwetu Afrika Mashariki ni za megahezi 8, kwa hiyo kelele inapanda tena kidogo.

Utaambiwa uongeze sampuli, yaani usikilize kwa muda mrefu zaidi. Kwenye karatasi ni kweli: huko chini, ishara ikipungua mara 10 unahitaji sampuli mara 100, ni ghali lakini utafika. Kwenye meza ya maabara hufiki. Watafiti Tandra na Sahai walionesha mwaka 2008 kwamba usipoijua kelele yako barabara, kuna ukuta. Ukiwa na shaka ya desibeli 1 tu juu au chini, kipima nishati hakivuki chini ya uwiano wa ishara kwa kelele wa kama desibeli -3.3, yaani ishara ikiwa chini ya karibu nusu ya kelele hakiitambui, hata usikilize mpaka kesho asubuhi. Mimi ningemtaka kila mwanafunzi asome makala hayo kabla ya mengine yote, kwa sababu yanaeleza kwa nini uigaji wa kompyuta hutoa mikunjo mizuri ambayo kifaa halisi kinaikataa.

Wengi mnaanza na RTL-SDR, risiva ndogo ya bei nafuu inayochomekwa kwenye kompyuta, na kwa bei yake sina ugomvi nacho. Zima geini ya otomatiki (ukuzaji wa ishara unaojirekebisha wenyewe), la sivyo kifaa kitakuwa kinahamisha kizingiti nyuma ya mgongo wako. Mahali pa antena funga kizibo cha omu 50. Kiache kiwake mpaka kipate joto ndipo urekodi, maana kelele huhama kadiri kinavyopasha. Katikati ya spektra utaona kijiti kimesimama, ukihama masafa kinahama nawe. Hicho ni cha kifaa chenyewe, usije ukakiita mtumiaji. Kisha rudisha antena na uchomeke chaja ya laptopu hapo karibu, uone inavyochafua hewa. Kumbuka pia kwamba kifaa hiki huona kama megahezi 2.4 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo chaneli nzima ya televisheni hakiioni.

Ukishajua kelele, tafuta chaneli ambayo una hakika inarushwa eneo lako na nyingine ambayo una hakika ni tupu. Chaneli 21, kwa mfano, ni megahezi 470 hadi 478. Bila jozi hiyo huna cha kukuthibitishia kama kifaa chako kinasema kweli.

Wasumbufu hasa ni maikrofoni zisizo na waya za makanisani na kumbi za harusi. Moja ina upana wa kilohezi 200 hivi ndani ya chaneli ya megahezi 8. Ukipima nishati ya chaneli nzima, inamezwa. Ikate chaneli vipande vyembamba, upime kimoja kimoja.

Kuhusu kusikiliza kwa ushirikiano, nitasema moja tu. Vifaa 10 vilivyopangwa kwenye dirisha moja viko kwenye kivuli kimoja cha jengo, hivyo vyote havitausikia mnara ule ule. Na ukitumia kanuni ya "mmoja akisema yupo, basi yupo", huku kila kimoja kikitoa tahadhari ya uongo kwa asilimia 10, kundi zima litakosea karibu asilimia 65 ya nyakati chaneli ikiwa tupu. Hapo nimechukulia kwamba makosa yao hayategemeani.

Nanyi mnaotumia mashine kujifunza (machine learning): msichanganye data yote kisha mkaigawa kwa bahati nasibu. Fundisheni kwa data ya siku na mahali pamoja, mjaribu kwa siku na mahali pengine. Matokeo yatashuka, lakini yatakuwa yenu.

Siku ya kutetea mradi utaulizwa kwa nini usitumie tu hifadhidata inayoonyesha masafa yaliyo wazi mahali ulipo. Swali ni halali. Mwaka 2010 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vya masafa ya televisheni vinavyojua vilipo na kuuliza hifadhidata. Lakini kuna watumiaji ambao hawamo kwenye hifadhidata yoyote, kama maikrofoni za ukumbini, na kuna wasiotangaza safari zao: katika bendi ya gigahezi 3.5 huko huko Marekani, vihisi vya pwani husikiliza rada za meli za kivita ili mitandao mingine ihamishwe zinapokaribia. Mradi wako uelekeze huko.