Uliza Sista: Tulifika mapema, wa nyuma wakatangulia

SWALI: Shikamoo Sista. Mwezi uliopita mdogo wangu alianguka na bodaboda, mkono wa kulia ukavunjika karibu na kifundo. Tulifika dharura, hospitali ya serikali, saa 2 usiku. Nesi alimpima presha, akambana kidude kidoleni, akamfunga utepe wa njano na kutuambia tusubiri. Basi wakaja watu nyuma yetu wakaingizwa: mama aliyetembea kwa miguu yake, mtoto wa mgongoni, kijana ambaye hata tone la damu hakuwa nalo. Sisi tuliitwa saa 7 usiku, mdogo wangu kauma meno muda wote huo. Shemeji yangu anasema tungetoa kitu kidogo tungeingia mapema. Sikutoa, na mpaka leo najiuliza kama nilimnyima ndugu yangu matibabu. Tulikosea wapi?
— Dada wa majeruhi, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kutotoa hicho kitu kidogo hukukosea, na kwa hilo lala usingizi.

Meza ile mlikofungiwa utepe nimeisimamia miaka 19 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nianze na utepe. Ule si namba ya foleni. Nesi anahesabu pumzi na mapigo ya moyo, anapima presha na joto, anaangalia kama mgonjwa anajibu akiitwa na kama anaweza kutembea. Kila kipimo kina alama zake. Alama zikijumlishwa, zikaunganishwa na dalili za hatari, ndipo rangi inapatikana. Mfumo unaotumika katika hospitali nyingi za Afrika ulianza kutengenezwa Cape Town mwaka 2004: mwenye nyekundu anaingia papo hapo, wa rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, wa kijani ndani ya saa 4. Ziko hospitali zenye rangi tatu tu, bila ya machungwa.

Yule mama aliyetembea simjui, ila nimepokea wengi wa namna yake. Anakuja na mkoba begani, anasalimia vizuri, ukimuuliza anasema kifua kinabana na jasho linamtoka. Huyo ni rangi ya machungwa hata akiwa anatabasamu, na moyo wake unatakiwa kupimwa ndani ya dakika 10. Mtoto wa mgongoni huenda alikuwa amelegea, hanyonyi. Kijana asiye na damu huenda alikunywa sumu. Damu inashtua macho, lakini wengi niliowaona wakifa hawakuwa na tone nje.

Nimemtetea nesi, sasa nikutetee wewe. Mkono uliovunjika bila ngozi kupasuka ni njano kweli, na njano ni saa 1. Ninyi mlikaa 5. Tena dawa ya maumivu na banzi la kuutuliza mkono havihitaji kitanda, mgonjwa anapewa palepale kwenye benchi. Walipaswa kumpa bila ninyi kuomba. Siku nyingine omba, kwa sauti ya kawaida, na urudie.

Kwa nini saa 5? Ninyi mlikuwa mnautazama mlango wa mbele, mimi miaka yote nilikuwa nautazama wa nyuma. Mgonjwa ameshatibiwa dharura, ameandikiwa kulazwa, wodini hakuna kitanda: anabaki kwetu. Kuna asubuhi nilipokea zamu nikakuta vitanda vyote 12 vina watu, na 9 kati yao walikuwa wanasubiri wodi. Daktari yupo, dawa ipo, pa kumlaza mgonjwa mpya hapapo. Hapo hata ukimpa mtu hela, kitanda hawezi kukizaa. Na ninyi mlifika saa 2, wakati wa kubadilishana zamu.

Kuna jambo linaniuma, na ndilo lililonifanya niipe barua yako nafasi yote hii. Rangi hubadilika. Mwaka wangu wa 6 pale mezani nilimfunga mzee mmoja utepe wa njano, tumbo linamuuma. Alikaa na binti yake zaidi ya saa 2. Nilipomrudia alikuwa wa baridi, presha imeshuka, maneno hayaeleweki. Binti akaniambia, "Baba alinikataza nisikuite, alisema Sista ana kazi nyingi." Alipasuliwa usiku uleule, hakuiona asubuhi. Kumpima tena lilikuwa jukumu langu mimi, si lao. Tangu siku ile kila niliyemfunga utepe nilimwambia: hali ikibadilika njoo mezani, hata mara 10, hutanisumbua.

Kwa hiyo mnaposubiri na mkono uliovunjika, vueni pete na bangili mapema kabla haujavimba. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, nenda mezani hapohapo. Uji na chai ngojeni mpaka daktari aruhusu, maana kurudishia mfupa kunaweza kuhitaji dawa ya usingizi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mtu mmoja aifuate polisi, mwingine asibanduke kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa yeyote, akihema kwa shida, akishikwa na degedege, akitapika damu au akisinzia mpaka kumwamsha ni kazi, usingoje jina liitwe.

SWALI: Sista, nikimleta mama kwa gari la wagonjwa, si ataingia moja kwa moja?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Anapimwa kama aliyekuja kwa bajaji, na rangi yake ndiyo inayoamua. Faida ya gari hilo ni anayemhudumia njiani. Wewe beba dawa zake zote na makasha yake. Kama mdomo umepinda au mkono umelegea ghafla, huenda ni kiharusi: taja saa kamili ilipoanza kabla hata ya kutaja jina lake. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kichwani, pale inapopatikana, mwisho wake ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze.