Mahindi yenye mapengo, mipapai isiyozaa na taa za usiku

Swali: Mahindi yangu yalistawi vizuri, lakini nikimenya nakuta mapengo, na ncha haina punje kabisa. Muuza pembejeo ananiambia niongeze mbolea. Ni kweli? (Mkulima, Masindi)

Ndugu mkulima, usikimbilie kununua mbolea. Kila uzi katika zile ndevu za hindi umeunganishwa na punje yake moja. Chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele, lile ua la kiume la kileleni, hunata kwenye uzi, kisha huotesha mrija mwembamba sana unaoshuka ndani ya uzi mpaka kwenye yai. Safari hiyo huchukua kama siku moja. Uzi usiopata chavua, punje yake haiji. Jua likiwa kali wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka, na zikitoka zinakuta chavua imekwisha kumwagika. Ndevu za ncha ndizo za mwisho kutoka, kwa hiyo ncha ndiyo inayoumia zaidi.

Msimu ujao, siku chache baada ya ndevu kutoka, vunja hindi moja, chana maganda kwa kisu bila kukata ndevu, uyaondoe taratibu, halafu litikise. Nyuzi zinazodondoka zimekwisha kufanya kazi yake. Zinazong'ang'ania hazijapata chavua. Na kama ulipanda mstari mmoja au miwili mirefu kando ya njia, acha. Panda mistari kadhaa mifupi bega kwa bega, shamba liwe kama mraba, maana chavua ya mahindi hubebwa na upepo, na mstari mmoja huipoteza yote. Ukiona nyuzi zote zimedondoka na bado punje za ncha zimesinyaa, hapo ndipo uulize habari ya maji na mbolea.

Kuna jambo jingine hapa ambalo sitaki lipite. Ndani ya mrija ule hushuka mbegu za kiume mbili. Moja huungana na yai na kufanya kiinitete. Ya pili huungana na seli iliyo jirani na yai na kufanya akiba ya chakula, ule weupe tunaousaga tukala posho. Mrusi Sergei Nawaschin alilieleza hili mwaka 1898, akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi. Kwa binadamu huingia mbegu moja tu; mara ikiingia, ganda la yai hubadilika na nyingine zote zinafungiwa nje. Mtoto wetu haachiwi akiba ya safari. Analishwa na mama siku kwa siku kupitia kondo la nyuma.

Swali: Mgomba wa matoke unatoa ua. Mbona ndizi hazina mbegu? (Mwanafunzi, Mbarara)

Kwa sababu mgomba huo una seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, 33 kwa jumla. Wewe una seti mbili, 46. Seli za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu hujipanga mbili mbili, na tatu haziwezi kupangana sawasawa. Tunda hujaa hata bila kuchavushwa. Ndiyo maana babu yako alipanda machipukizi, nawe utapanda machipukizi yaleyale, na ugonjwa ukiingia shambani unakuta ndugu watupu. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo la Uganda, huko Kawanda hutafuta migomba michache ambayo bado hukubali kutoa mbegu wakiichanganya na mingine. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa aina ya mgomba iitwayo Kabana 6H, ile inayoitwa pia Kiwangaazi.

Swali: Mipapai yangu mingi inatoa maua tu, mwaka wa pili sasa. Niikate? (Kasese)

Swali: Nimezaa mabinti wanne. Mama mkwe anasema mume wangu atafute mwingine wa kumzalia mrithi. Kuna dawa ya kupata mtoto wa kiume? (Mama, Kiryandongo)

Hizi mbili nazijibu pamoja kwa makusudi.

Mimea mingi ina sehemu za kiume na za kike kwenye shina moja. Mpapai ni tofauti: kuna dume, jike, na wenye maua yenye jinsia zote mbili, na kinachoamua ni kromosomu za X na Y, kama kwetu. Dume utalijua kwa maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Ua la jike ni nene na limekaa karibu na shina. Kwa hiyo ndugu wa Kasese, kata madume, ubakize dume moja kwa majike kumi hivi ili uchavushaji usikwame. Ukipanda tena, weka miche mitatu kila shimo na ungoje ichanue ndipo upunguze, kwa sababu kabla ya ua huwezi kuyatofautisha kwa macho.

Sasa dada yangu wa Kiryandongo. Yai lako hubeba X siku zote. Huna kingine cha kutoa. Mbegu ya mwanamume ndiyo inayobeba X au Y. Ikija ya X, ni binti. Ikija ya Y, ni mvulana. Nettie Stevens, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha mwaka 1905, kwa kuchunguza mbawakawa wa unga, kwamba jinsia hutegemea kromosomu inayoletwa na mbegu ya dume. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado wanawake wanafukuzwa majumbani kwa jambo ambalo miili yao haina uwezo wa kulichagua. Dawa ya mitishamba ya kuleta mvulana haipo, na anayekuuzia anakuibia. Msomee mumeo aya hii, na mama mkwe akiwepo, msomee kwa sauti. Mabinti wako wanne ni warithi.

Swali: Usiku karibu na Entebbe naona vitalu vya maua vimewashwa taa. Ni ulinzi? (Dereva)

Sehemu kubwa ni kuyadanganya maua. Uganda husafirisha Ulaya vipandikizi vya krisanthemu, na mnunuzi anataka chipukizi lenye majani, lisilo na ua. Krisanthemu huchanua usiku unapokuwa mrefu, na hapa kwenye Ikweta urefu wa usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo ukiiacha itachanua. Jani ndilo linalopima giza, kwa kemikali iitwayo fitokromu, kisha linapeleka habari kwenye ncha. Taa ikiukata usiku katikati, jani linahesabu giza fupi na mmea unaendelea kukua tu.

Nasi tuna kipimo cha namna hiyo, ila kimo machoni. Mwanga ukizidi usiku, ubongo huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Simu ya kitandani inaweza kukufanyia hivyo.

Swali: Mahindi yaliyolazwa na upepo yameinuka yenyewe. Yanajuaje juu ni wapi? (Mzee, Kapchorwa)

Shikamoo mzee. Tazama pale kwenye fundo la bua: ndipo lilipojikunja. Ndani ya seli za fundo mna chembe nzito za wanga. Bua likilala, chembe huanguka upande wa chini, homoni ya auksini hujikusanya huko, na upande huo hurefuka kuliko wa juu. Sisi tungeinuka kwa misuli kufumba na kufumbua; mmea hauna misuli, unainuka kwa kukua, na huchukua siku kadhaa. Mizizi nayo ina chembe hizo kwenye ncha.

Wewe pia una vijiwe vyako, vya chokaa, ndani kabisa ya sikio. Hivyo ndivyo vinavyokuambia kichwa kimeinama. Uzeeni vingine hubanduka na kuingia pasipo pake, na mtu akijigeuza kitandani anaona nyumba inazunguka. Kama hilo linakupata, usilinyamazie, nenda kwa daktari wa masikio. Kuna namna ya kugeuza kichwa hatua kwa hatua inayovirudisha mahali pake bila kidonge.