Trekta inateleza kwenye theluji, nijaze maji tairi?

SWALI: Habari fundi, mi niko Minnesota huku Marekani, nina katrekta kadogo kenye koleo la mbele, natolea theluji kwenye njia ya kuingia nyumbani. Sasa nikishabeba mzigo tairi za nyuma zinazunguka tu palepale, na pale kwenye kimteremko breki ni kama hazipo. Kwetu Kitale wakati wa kulima tulikuwa tunazijaza maji ziwe nzito zishike ardhi, je na huku nijaze tu?

JIBU: Maji matupu hapana ndugu yangu, yataganda humo ndani na huko kwenu baridi haina utani. Wenyeji wanajaza juisi ya biti, ndio, mabaki ya kiwanda cha sukari, haigandi kirahisi, haili rimu, na lita moja ina kilo 1.3 hivi, kwa hiyo tairi ikimeza lita 150 umepata karibu kilo 195 upande mmoja. Maji ya chumvi ya kalsiamu nayo hayagandi na ni bei nafuu ila kama hakuna tyubu yatakula rimu mpaka ushangae. Tairi inajazwa robo tatu tu, valvu ikiwa juu kabisa, juu kunabaki upepo.

Ila kilichonishtua mimi ni hizo breki. Trekta ndogo nyingi breki ziko kwenye tairi za nyuma tu, koleo likijaa uzito wote unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, sasa breki itashika nini? Weka foo wili, yaani injini iendeshe tairi zote nne, kabla hujaanza kushuka, hapo hata tairi za mbele zinasaidia kuzuia, na koleo liwe chini karibu na ardhi.

Halafu funga mzigo kwenye ile mikono ya nyuma ya kufungia jembe. Huu ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu unakaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo unapunguzia mbele mzigo, kitu ambacho maji ya tairi hayafanyi. Pipa la lita 200 likijaa zege ni kama kilo 480, kwa katrekta hiyo inaweza kuwa nyingi mno, nusu pipa pengine inatosha, ila soma kwanza kitabu cha trekta kinaruhusu kilo ngapi.

Na kama chini ni barafu ngumu inayong'aa, uzito peke yake hautakuokoa, nunua cheni za tairi za nyuma, ila pima kwanza nafasi kati ya tairi na madigadi isije ikawa zinakwaruza.