Kabla Hujampa Mtu Amri ya sudo, Omba Maandishi Yote

Mpwa wangu anaishi Kibirizi, Kigoma, kule ambako dagaa huanikwa tangu alfajiri. Mama yake, yaani dada yangu, anaishi kwa dagaa hao. Mvua ikiwakuta mchangani hasara ni yake peke yake. Kijana alimaliza kidato cha nne, akapata laptopu ya mtumba, nami nilipokwenda kuwasalimu nikamwekea mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 22.04. Baadaye akanunua bodi ndogo ya Arduino, ile unayoipa programu kutoka kwenye kompyuta, na kipima unyevu cha DHT11. Anataka kukifunga kwenye chanja za mama yake ajue hewa inapoanza kubeba maji. Mimi niko Tabora, natengeneza kompyuta Isevya. Kati yetu kuna reli ndefu, kwa hiyo msaada wangu wote unapita kwenye simu.

Siku moja akaandika, "Shikamoo mjomba, bodi inakataa." Chini yake picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imelala upande, mwanga wa dirisha umemeza nusu ya maandishi. Nilichoweza kusoma ni hiki, kutoka kwa avrdude, chombo kinachopeleka programu kwenye bodi:

avrdude: ser_open(): can't open device "/dev/ttyUSB0":

Baada ya nukta mbili picha ikaishia. Maneno yaliyofuata, ambayo ndiyo yanayotaja sababu, yalibaki nje. Sikuyauliza. Kwa bodi hizi kwenye Ubuntu nimezoea kuona mstari huo ukiishia na Permission denied, maana mtumiaji hayumo kwenye kundi la dialout, na kundi hilo ndilo lenye ruhusa ya kugusa tundu la bodi. Nikaumalizia mstari kichwani mwangu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, nikaandika haraka amri inayoanza na sudo, neno linaloiendesha amri kwa haki za msimamizi wa mashine:

sudo usermod -G dialout jina

Nikamwambia aweke jina lake la kuingilia mahali pa neno jina, kisha azime awashe.

Aliyezoea ameshaliona kosa. Ni herufi moja, a. Ukiandika -aG, kundi linaongezwa juu ya yale mtu aliyonayo. Ukiandika -G peke yake, unauambia mfumo kwamba hayo ndiyo makundi yake na mengine yote atolewe. Mfumo haukuuliza kama tuna uhakika. Ulimtoa kwenye kundi la sudo, ambalo ndilo linaloruhusu kutumia sudo, ukamtoa kwenye adm, ukamtoa na kwenye mengine, ukanyamaza kimya. Na kwenye Ubuntu akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, huwa imefungwa tangu siku ya kwanza, haina paswedi ya kuingilia. Mwenye ufunguo wa nyumba alikuwa yeye peke yake, nami nikamwelekeza autupe ziwani.

Alipowasha tena, bodi ilikataa vilevile, na kila amri yenye sudo ikajibiwa kwamba jina lake is not in the sudoers file, kisha maneno ya kutisha: This incident will be reported. Akapiga simu akinong'ona. "Mjomba, inasema nimeripotiwa. Nimeripotiwa wapi?"

Swali hilo lilinikaa moyoni siku nzima. Kijana wa miaka kumi na tisa, peke yake chumbani, anadhani kuna ofisi mahali fulani imepokea jina lake kwa kosa ambalo nimelifanya mimi. Nikamweleza taratibu: taarifa hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu za mashine hiyohiyo, kwa ajili ya msimamizi wa mashine hiyohiyo, na msimamizi wa laptopu yako ni wewe. Haijaenda popote. Unayemsaidia mgeni wa mambo haya, anza na hofu yake kabla ya amri yoyote. Mtu mwenye hofu anaandika haraka, anaruka herufi, na anakuficha alichokwisha jaribu.

Namna ya kutoka kwenye shimo hilo naiandika kwa kirefu, maana wengi hufikiri dawa ni kuweka Ubuntu upya na kupoteza kila kitu. Unazima mashine. Ukiiwasha, shikilia Shift kwa mashine za zamani, au gusagusa Esc kwa zile mpya za UEFI, mpaka orodha ya kuwashia itokee. Unachagua Advanced options, kisha mstari wenye maneno recovery mode, kisha root. Ukibonyeza Enter unapata alama ya # badala ya $ uliyoizoea, na hapo wewe ni root, hakuna cha kuulizwa paswedi. Ndiyo maana mtu mwenye laptopu yako mkononi, kama diski haikufungwa kwa usimbaji, anaweza kufanya lolote, lijue hilo. Diski hapo huwa inasomeka tu, kwa hiyo unaifungua kwanza iandikike:

mount -o remount,rw /

Kisha unarudisha makundi, safari hii na ile a mahali pake:

usermod -aG sudo,adm,cdrom,dip,plugdev,lpadmin jina

Sikuikumbuka orodha hiyo kwa kichwa. Niliandika id, amri inayotaja makundi ya mtumiaji, kwenye mashine yangu ya dukani yenye Ubuntu hiyohiyo, nikanakili makundi yaliyotokea. Baada ya hapo akaandika id jina, akanipigia picha ya jibu, tukahakikisha neno sudo limo, ndipo akaandika reboot. Mahali kama pale picha ya simu ni halali kabisa, maana huna kivinjari wala pa kunakilia. Ila kabla ya kuituma isome wewe mwenyewe. Kama mwisho wa mstari hausomeki, rudia.

Aliporudi kwenye sudo, nikafanya nilichopaswa kukifanya mwanzo. Nilimwambia achomoe bodi, aichomeke tena, asubiri kidogo, kisha aandike amri hii, inayochukua mistari arobaini ya mwisho ya kumbukumbu za mfumo:

sudo dmesg | tail -n 40 > ripoti.txt

Lile jembe la mwisho, alama ya >, linamwaga matokeo kwenye faili badala ya skrini. Amri ikiwa inatoa makosa, ongeza 2>&1 mwishoni, baada ya jina la faili, kwa sababu makosa hupita njia nyingine na bila hiyo unabaki na faili tupu huku kosa likicheka skrini peke yake. Faili la mistari arobaini ni kilobaiti chache, wakati picha moja ya simu inafika megabaiti kadhaa. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ni tofauti anayoihisi mfukoni. Na maandishi unaweza kuyatafuta, kuyanakili, kuyalinganisha. Picha unaikodolea macho tu.

Lilipofika nikalisoma mstari kwa mstari. Bodi ilikuwa imetambulika vizuri, chipu ya CH340, ikapewa jina la ttyUSB0. Kisha, katikati kabisa, mahali ambapo hakuna picha ingefika, mstari huu:

usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1

Na chini yake taarifa kwamba ch341, yaani kiendeshi cha chipu ile, imetenganishwa na ttyUSB0. Kumbe tundu halikuwa limefungwa, lilikuwa limenyang'anywa. Ubuntu 22.04 huja na brltty, programu inayowasaidia wasioona kutumia vifaa vya Braille, na baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu iliyo sawa na ya bodi zetu za bei nafuu. Programu inaiona bodi, inadhani ni chombo chake, inaichukua. Ule mstari wa kwanza, kama picha ingefika mwisho, ungesomeka No such file or directory. Ruhusa haikuhusika hata kidogo. Nilimnyang'anya kijana sudo kwa kutibu ugonjwa ambao hakuwa nao.

Nilimuuliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia kifaa cha Braille kwenye laptopu ile. Usiliruke swali hilo: programu hiyo kwa mwenzako ndiyo macho yake. Akasema hakuna. Akaiondoa kwa sudo apt remove brltty, akachomoa na kuchomeka, bodi ikakubali kupokea programu mara ya kwanza. Ruhusa ya dialout ilikuwapo tayari, kutoka kwenye amri yangu ya mwanzo.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu ninapomsaidia mtu mwenye haki za msimamizi. Kwanza naomba amri za kutazama tu, ambazo hazibadilishi kitu: id, lsusb, ls -l. Napata maandishi yote, tangu mstari aliouandika yeye hadi mstari wa mwisho. Kisha, kila amri ya sudo ninayomtumia naisindikiza na sentensi mbili, moja ya kusema itabadilisha nini, nyingine ya kusema tutairudishaje. Kama sentensi ya pili siwezi kuiandika, simtumii amri hiyo. Na kwa makundi siku hizi natumia sudo adduser jina dialout, ambayo huongeza tu na haina namna ya kukutoa kwingine kwa kusahau herufi.

Natuma amri moja, nangoja jibu, ndipo natuma nyingine. Kuna sababu. Kwenye Ubuntu ukishaandika paswedi ya sudo mara moja, kwa dakika 15 haikuulizi tena kwenye terminali hiyo. Mgeni akibandika mistari sita kwa pamoja, ya kwanza ikashindwa, mitano iliyobaki inapita yote kwa haki za root. sudo yenyewe iliandikwa karibu mwaka 1980 katika chuo kikuu kimoja huko Buffalo, Marekani, na mpaka leo inakupa nguvu zote kwa amri moja unayoitaja. Ukibandika sita, umetaja sita.

Na wewe unayesaidiwa, usione haya kuuliza "amri hii inafanya nini?" Anayekusaidia kwa moyo atajibu. Anayekasirika, mwache na amri yake. Akikutumia chmod -R 777 pamoja na mkwaju peke yake, /, usiiandike: itazivuruga ruhusa za mfumo mzima, na sudo yenyewe itagoma kufanya kazi.

Sasa suala la kuweka matokeo hayo hadharani ili mafundi wengine wayaone. Mara nyingi ni jambo jema, na kuna njia rahisi, kama hii:

cat ripoti.txt | nc termbin.com 9999

Unarudishiwa kiungo kifupi, unakituma popote. Lakini yeyote mwenye kiungo atasoma. Kwa hiyo kabla ya hapo fungua faili kwa less ripoti.txt, ulisome polepole kama barua utakayoibandika kwenye mlango wa soko.

Cha kwanza ninachokitafuta ni paswedi iliyopotea njia. sudo haionyeshi hata nyota unapoandika paswedi, skrini inatulia kama imekufa. Mgeni anadhani kibodi haifanyi kazi, anabonyeza Enter mara tatu, sudo inakata tamaa, kisha anaandika paswedi yake kwenye mstari wa kawaida. Matokeo yake ni mstari kama migebuka77: command not found, na paswedi ipo wazi kabisa katikati ya ripoti. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na mwenyewe hajui.

Cha pili ni mafaili ya mtandao. Yale yaliyomo /etc/NetworkManager/system-connections/ yana mstari unaoanza na psk=, na mbele yake ufunguo wa Wi-Fi ya nyumbani umeandikwa waziwazi. Mfumo umeyaficha ndani ya haki za root kwa sababu hiyo. Ukitumia sudo kuyasoma, ulinzi umeuondoa wewe, na kuanzia hapo ni juu yako. Hali kadhalika faili lolote linaloanza na BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY, huo ni ufunguo wa siri wa SSH, wa kuingilia mashine nyingine kwa mbali. Ndugu yake mwenye jina linaloishia na .pub unaweza kumtoa hadharani, lakini ule wa siri usimpe mtu yeyote, hata mimi. Matokeo ya env, inayotaja mipangilio ya terminali yako, na ya history, inayotaja amri ulizokwisha andika, nayo yasome kwa makini.

Anwani za mtandao wa ndani zinazoanza na 192.168 hazina haja ya kufichwa, ziko hivyo katika nyumba nyingi mno duniani. Watu huzifuta kwa bidii wakaacha psk.

Unapoficha, usifute mstari. Weka neno mahali pake, kwa mfano SIRI1, na kama kitu hichohicho kinajirudia, tumia neno lilelile, ili anayesoma aweze kufuata mtiririko. Mstari wa kosa wenyewe usiuguse hata ukiuona mrefu.

Na kama umeshatuma, ndipo ukaona paswedi imo, kufuta ujumbe hakutoshi. Huwezi kujua nani ameshanakili. Badilisha kitu chenyewe, siku hiyohiyo: passwd kwa akaunti yako, ufunguo mpya kwenye ruta, na kwa SSH tengeneza jozi mpya kwa ssh-keygen na uondoe ya zamani kwenye authorized_keys, faili lenye orodha ya funguo zinazokubaliwa, katika kila seva uliyoiweka. Mpwa wangu alibadilisha paswedi yake jioni ileile, maana kwenye moja ya picha zake za kwanza, pembeni juu, ilikuwa inasomeka herufi kwa herufi.