Kupanda Hanang kwa siku moja na rafiki: kubalianeni kwanza saa ya kugeuza

Watu wengi wa hapa Dodoma wakisikia nimepanda Mlima Hanang, ule wa mkoani Manyara, huniuliza habari za viatu. Viatu nitavifikia. Ila ninachomwambia kwanza kila anayetaka kwenda na rafiki yake ni hiki: jioni ya kuamkia safari, kaeni mkubaliane saa ya kugeuza. Mimi na mwenzangu yetu ni saa saba mchana. Ikifika, popote tulipo tunageuza, hata kama kilele tunakiona. Hakuna kubembelezana.

Hesabu yenyewe iko hivi. Hanang una mita 3,420. Kwa njia ya Jorodom kutokea Katesh, mji ulio chini ya mlima, mtu wa kazi za kawaida kama mimi hutumia saa sita au saba kupanda, na nne au tano kushuka. Mwezi wa sita jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Ukianza na tochi saa kumi na moja alfajiri na kugeuza saa saba, unafika chini kungali na mwanga. Ukisogeza mpaka saa tisa, utashuka gizani, magoti yakiwa yamekwisha, kwenye njia yenye mizizi na mawe yanayoteleza. Watu huumia wakati wa kushuka.

Tena uamuzi huo usiuache mpaka mfike juu. Kule hewa ni nyepesi. Oksijeni unayoipata ni kama theluthi mbili ya unayoipata Dar es Salaam. Mmechoka, na kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Huyu hataki kuonekana mzigo, yule hataki kuonekana ana haraka. Nimeliona hili kwa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, ambaye ni jasiri kuliko mimi. Tulikuwa tumeshatoka msituni, tunatembea kwenye ukingo wa juu wenye vichaka vifupi na upepo, nikamwona anashika paji la uso kila tukisimama.

"Dada, vipi?"

"Niko sawa, twende."

Rafiki atakujibu hivyo siku zote. Kwa hiyo mimi siulizi tena "vipi". Nauliza swali lisilojibika kwa "niko sawa": mara ya mwisho umekunywa maji wapi? Alifikiri kidogo, akasema, "Pale tulipozima tochi." Saa tatu zilikuwa zimepita! Tukakaa nyuma ya jiwe kukwepa upepo, akanywa kidogo kidogo, akala karanga na kiazi kitamu, tukasubiri. Kichwa kikatulia, tukaendelea. Lakini tulishakubaliana kwamba maumivu yakizidi, au akianza kutapika au kuyumba, tunashuka saa hiyohiyo bila mjadala. Kichwa cha mlimani hakitibiwi kwa kukaza moyo. Dawa yake ni kushuka.

Mwambie pia mapema kuhusu ule ukingo. Unaona nundu mbele, unasema ndiyo kileleni, unafika unakuta nyingine nyuma yake, na nyingine tena. Asiyeambiwa hukata tamaa hapo. Na anayetembea polepole ndiye atangulie. Mwenye nguvu akitangulia, kila akisimama kumsubiri mwenzake yeye anapumzika, kisha anaondoka mara tu mwenzake anapofika. Yule wa nyuma hapumziki kutwa nzima.

Kuhusu majira: sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba mpaka Aprili. Mimi napenda mwisho wa Mei na mwezi wa sita. Udongo umeshakauka, majani hayajawa makavu kabisa, na asubuhi anga huwa safi kabla mawingu hayajakusanyika juu. Julai na Agosti panapandika, ila jiandae kwa upepo wa baridi kali. Wakati wa mvua kubwa usiende, na hili nalisema kwa uzito. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na miti viliporomoka kutoka mlima huu vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, wakafariki watu zaidi ya 80. Unakwenda kulala kwenye mji uliozika watu wake. Salimia wazee, nunua chakula kwao, na usipige picha za makovu ya maporomoko huku unacheka.

Kutoka Dodoma tunapanda basi la Babati kupitia Kondoa, kisha gari la Katesh, tunalala gesti. Mlima uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kibali na ada; shughulikieni mkifika, siku moja kabla. Chukueni mwongozaji wa palepale na mpatane malipo kabla. Njia za ng'ombe na za kuni ni nyingi kule chini, na gizani zote zinafanana.

Maji ni lita tatu kila mtu, kwa sababu njiani usitegemee kupata. Chakula chetu ni cha nyumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga, ubuyu wa kumung'unya, na chupa ya uji wa uwele ambao saa nne asubuhi unakuwa mtamu ajabu. Sweta, mzula na koti la mvua viwe ndani ya begi hata kama Katesh kuna jua.

Sasa viatu. Vya mtumba vinafaa kabisa, mradi soli iwe na meno na uwe umevitembelea wiki kadhaa kwenye vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wetu. Chagua vinavyobakiza nafasi ya kidole nyuma ya kisigino ukivaa na soksi nene na kusukuma mguu mbele kabisa. Kabla ya kuanza kushuka, kaa chini, gonga kisigino kirudi nyuma kabisa, halafu kaza kamba pale kifundoni. Usipofanya hivyo mguu unateleza mbele kila hatua, na kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi. Mkague na mwenzako, maana akichoka atasema kamba zake zimekaza vya kutosha.

Mkifika chini, pigeni simu nyumbani kwa yule mliyemwachia ratiba, kisha mlale Katesh usiku wa pili. Basi la Babati lipo asubuhi, na magoti yatakuwa yanahitaji saa nane za kulala kabla ya kukaa kwenye kiti mpaka Dodoma.