Una miasthenia na unataka mtoto? Panga kujifungua kabla uchungu haujaanza

Akina dada wenye miasthenia gravisi wakinifuata pembeni, swali lao huwa lilelile: naweza kuzaa? Ndiyo, dada, wengi wetu tunazaa, na mimi ni mmoja wao. Nikishajibu hivyo huwa naomba wanisikilize kidogo zaidi, maana mimba yenyewe hainitishi kama zinavyonitisha baadhi ya sindano za wodi ya wazazi. Huchomwa kila siku, kwa nia njema, na zimeokoa akina mama wengi sana. Kwa mwili kama wangu zinaweza kukata pumzi.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inashambulia pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Msuli unaanza kazi vizuri, unachoka upesi, ukipumzishwa unarudi. Kwangu ulianza kwa kope moja kulegea kila jioni, ikafuatia kuona vitu viwiliviwili, halafu sauti ikawa inafifia na kutokea puani nikizungumza kwa muda mrefu. Wapo waliosema nimerogwa. Wapo waliosema ni uvivu, kwa kuwa asubuhi walikuwa wameniona nikifagia uwanja na jioni nikashindwa kuinua ndoo.

Mazungumzo na daktari wa mishipa ya fahamu yaanze kabla hujaacha uzazi wa mpango. Kuna dawa za ugonjwa huu zinazomdhuru mtoto tumboni, hasa mikofenolati na methotreksati. Mikofenolati huachwa angalau wiki 6 kabla ya kutafuta mimba, methotreksati kwa kawaida miezi 3, na daktari ndiye anayekubadilishia, usiache mwenyewe. Piridostigmini, ile wengi tunayoiita Mestinon, huendelea, na prednisoloni pia. Azathioprini mara nyingi huendelea kwa uamuzi wa daktari. Prednisoloni hupandisha sukari na presha, kwa hiyo kliniki isikose kukupima vyote viwili. Na kama umeshauriwa kuondolewa tezi ya thaimasi kifuani, upasuaji huo utangulie mimba, maana nafuu yake huja polepole mno, miezi hata miaka.

Mimba ikishaingia, hakuna anayeweza kukutabiria. Inasemwa kwamba karibu theluthi ya wajawazito wenye ugonjwa huu hupata nafuu, theluthi hubaki walivyokuwa, na theluthi huzidiwa. Vipindi vigumu ni miezi 3 ya kwanza na wiki zinazofuata kujifungua. Mimi miezi ya mwanzo ilinilaza, kichefuchefu kikiwa ndicho adui, kwa sababu kidonge ulichokitapika hakijakufanyia kazi. Usivumilie hilo kimya kwa kuwa kila mjamzito hutapika. Mwambie daktari mapema. Vilevile UTI, kikohozi, homa, vyote vitibiwe upesi, kwani maambukizi ni miongoni mwa vitu vinavyouamsha ugonjwa huu haraka.

Sasa nije kwenye karatasi ya kwenda nayo hospitali, ambayo kwangu ndiyo kiini cha makala hii. Muombe daktari wako akuandikie, kwa jina lake, muhuri na namba ya simu, ugonjwa ulio nao, dawa unazotumia na saa zake, na dawa ambazo usipewe au upewe kwa tahadhari kubwa. Ya kwanza kabisa ni magnesiamu salfeti. Hiyo ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, na nesi aliyefunzwa vizuri ataikimbilia presha yako ikipanda, kama alivyofundishwa. Lakini inapunguza kemikali inayotolewa na mshipa ili kuuamrisha msuli, kemikali ileile ambayo msuli wetu sisi tayari hauipokei vya kutosha. Misuli ya kupumua inaweza kusimama. Mwongozo wa wataalamu wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 unashauri isitumike kwa wenye miasthenia, na unataja fenitoini kuwa mojawapo ya njia mbadala. Uamuzi huo ufanywe ukiwa mzima kliniki. Saa nane za usiku presha imeshapanda, hakuna nafasi ya kushauriana.

Jentamaisini nayo iwemo, maana huchomwa sana kwa maambukizi baada ya kujifungua, pamoja na siprofloksasini na azithromaisini. Iwemo kwinini, kwa sababu huku kwetu malaria haitusahau. Dawa mseto ya ALu ipo, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza hata kwa miezi 3 ya kwanza ya mimba. Malaria kali ina sindano ya atesuneti. Sisemi ukatae matibabu, hata kidogo. Ukiwa na karatasi unaomba dawa nyingine inayofanya kazi ileile.

Yangu niliibana ndani ya kadi ya kliniki, nakala moja akawa nayo mume wangu na nyingine mama. Dada, siku ya uchungu usitegemee kujieleza. Ukishachoka, ugonjwa huu unaweza kukuchukulia sauti, na utakuta unamwonyesha mkunga kidole tu huku maneno hayatoki. Anayekusindikiza awe mtu anayeweza kusema kwa heshima na asiyechoka kurudia.

Jifungulie hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na huduma ya vichanga, hata kama zahanati iko jirani na wakunga wake unawapenda. Omba kuonana na daktari wa usingizi wiki kadhaa kabla, kwani dawa za kulegeza misuli wakati wa usingizi kamili hutukalia vibaya, na ganzi ya mgongoni ndiyo hupendelewa. Wala usikubali kirahisi kwamba lazima upasuliwe kwa sababu tu una miasthenia. Mji wa mimba ni msuli wa aina nyingine, haushambuliwi, kwa hiyo uchungu hukaza kama kwa wengine. Shida huja wakati wa kusukuma, maana hapo unatumia misuli ya hiari, nayo inachoka. Mimi nilisaidiwa kwa kifaa cha kumvuta mtoto, tulikuwa tumeshakubaliana hivyo tangu kliniki, na hakuna aliyenifokea kwamba sijitahidi. Vidonge vyako visirukwe ukiwa kwenye uchungu.

Baada ya hapo ndipo wengi hujisahau, kumbe ndipo ugonjwa hurudi kwa nguvu. Arobaini yetu, ile ya mzazi kulala na kuhudumiwa, inatufaa kweli, ishike yote. Kukandwa kwa maji ya moto ni jambo jingine. Joto huongeza udhaifu wa misuli yetu, kwa hiyo nilimwomba mama anikande kwa maji ya uvuguvugu, na kufungwa tumbo kwa kanga nikakataa kwa sababu ya pumzi. Alinuna siku mbili tatu. Daktari alipomweleza mwenyewe, akaelewa. Kunyonyesha ukiwa kwenye piridostigmini na prednisoloni kwa kawaida kunaruhusiwa.

Mtoto naye aangaliwe. Kingamwili za mama, zile zinazotengenezwa na kinga yake na kuleta ugonjwa huu, hupita kwenye kondo la nyuma, na watoto kati ya 10 na 20 katika kila 100 wa akina mama kama sisi huzaliwa na udhaifu wa muda: mwili kulegea, kilio chembamba, kunyonya kidogo na kulala, na mara nyingine kupumua kwa shida. Huweza kuonekana hata siku ya tatu au ya nne, wakati mama wa kawaida alishatoka hospitali kesho yake. Wangu alilegea, akalishwa maziwa yangu kwa mpira wa puani, akapewa dozi ndogo ya piridostigmini kabla ya kula, na wiki chache baadaye alikuwa ananyonya kwa nguvu. Hali hii huisha kingamwili zinapokwisha mwilini mwake. Kwa hiyo omba mbaki wodini siku kadhaa, na mkiruhusiwa mapema, mtoto akishindwa kunyonya au wewe ukishindwa kumeza mate, kumaliza sentensi kwa pumzi moja au kulala chali, rudini hospitali saa hiyohiyo, na karatasi mkononi.